Fundi kaniambia nichomeke jenereta kwenye soketi kwa waya wa plagi mbili. Iko sawa hii?

Kibamba_Kwetu
Ijumaa, saa 3:12 usiku

Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada, na utani tupunguze kidogo maana kuna familia ndani.

Nimenunua jenereta la petroli la kuvuta kamba, limeandikwa kVA 3 (ndiyo nguvu yake). Nyumba ni ya vyumba vitatu, LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ya fezi moja. Nina friji, friza ya mama watoto ya kuuzia barafu na juisi, pampu ya kisima ya hp 1, TV na taa. Umeme ukikatika kutwa nzima, friza inayeyuka na mimi ndiye ninayeangaliwa.

Jana nikaita fundi. Akatoa waya wa mita tano, una plagi huku na plagi huku. Kichwa kimoja kwenye jenereta, kingine soketi ya sebuleni, akavuta kamba, nyumba nzima ikawaka. Kazi yote elfu kumi na tano. Nikafurahi. Ila dogo wangu wa darasa la sita akauliza, "Baba, sasa huu umeme haurudi kule barabarani?" Fundi akacheka. Mimi kicheko hakikuja.

Jenereta kwa sasa liko stoo, dirisha liko wazi, kwa sababu ya wezi. Nawasilisha.

Msema_Kweli77
Ijumaa, saa 3:20 usiku

Mkuu, kwetu huku mtaa mzima wanafanya hivyo na hakuna aliyekufa. Zima meni swichi kwanza, chomeka, kula upepo wa feni. Humu watu wanapenda kutisha wenzao ili wauze vifaa.

MzeeWaNguzo
Ijumaa, saa 4:05 usiku

Mleta mada, mtoto wako ana akili kuliko fundi wako. Kesho mnunulie soda.

Nimepanda nguzo miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo sikia. Transfoma haina mbele wala nyuma. Umezoea kuiona ikishusha umeme kutoka volti 11,000 au 33,000 mpaka ukupate wa kuchemshia chai. Sasa ukiipa 230 kwa upande wa nyumbani, inapandisha. Haiulizi umeme umetoka bwawa la Mtera au umetoka stoo kwako.

Najua atakuja mtu aseme kijenereta cha kVA 3 hakibebi mtaa. Kweli kabisa. Laini ikiwa nzima, friji na pasi za majirani zitakivuta kizimike palepale. Lakini siku umeme unapokatika, mara nyingi laini haiko nzima. Mti umelalia waya, umekatika nguzo ya pili kutoka kwako, upande wenu mmebaki nyumba mbili na jirani amesafiri. Hapo jenereta lako halina mzigo wa kulizima. Linanguruma raha mustarehe, na ule waya uliolala kwenye matope una volti 230. Hizo 230 zinatosha kuua, elfu kumi na moja za nini?

Usiku mmoja wa masika nilipima laini ambayo nilikuwa nimeikata kwa mikono yangu mwenyewe. Testa ikawaka. Nikashuka. Tulizima injini ya gari, tukasimama chini ya nguzo watu watatu tunasikiliza, kama mtu anayemtafuta mbu chumbani. Mtaa giza tupu, mvua imetulia, na kwa mbali jenereta moja linalia. Tukaenda kugonga geti. Aliyefungua alikuwa mtu mstaarabu kabisa, mwalimu, na alitaka kutupa chai. Waya ulikuwa kama huo wako, kwenye soketi ya jikoni. Meni swichi alikuwa na kawaida ya kuizima kila siku. Siku ile mgeni wake ndiye aliyewasha.

Msema_Kweli77, umesikia hapo? Tatizo si wewe unayekumbuka. Ni yule atakayewasha siku haupo.

DadaWaBucha
Ijumaa, saa 4:31 usiku

Shikamoo Mzee wa Nguzo. Mimi naongeza la mfukoni, maana wengine la uhai wa mtu baki haliwaingii.

Nina bucha, friza mbili. Nilikuwa na waya huohuo. Saa nane usiku umeme ukarudi, meni swichi haikuzimwa, jenereta linaendelea. Nilisikia mlio kama ngoma iliyopasuliwa, kisha harufu. Koili za jenereta zikawa nyeusi, friza moja ikafa bodi, na taa ya nje ikapasuka. Nilipeleka jenereta kwa fundi wa kusuka mota, bei aliyonitajia nikaona bora ninunue lingine. Jenereta halikuwa na miezi minne.

MzeeWaNguzo
Ijumaa, saa 4:40 usiku

Marahaba mwanangu. Hicho ndicho kinachotokea. Umeme wa gridi na wa jenereta yote ni mawimbi 50 kwa sekunde, lakini hayapigi hatua pamoja. Yakikutana moja liko juu na lingine chini, mdogo ndiye anayevunjika. Na mdogo ni jenereta.

Fundi_Saketi
Jumamosi, saa 1:15 asubuhi

Asubuhi njema wakuu. Mimi ni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, nafanya wayaringi za majumbani. Niseme mambo ya karibu ambayo hayahitaji hata nguzo.

Huo waya, ukichomoa kichwa cha ukutani jenereta likiwa linalia, una vijiti vya shaba mkononi na umeme umo ndani yake, uchi. Soketi zimetengenezwa zikiwa na matundu ili umeme ukae ndani, plagi imetengenezwa na vijiti kwa sababu haitakiwi kuwa na umeme. Fundi wako kageuza. Mtoto wa miaka mitatu akikanyaga waya ukachomoka, vijiti viko sakafuni.

Pili, plagi zetu za vijiti vitatu vya bapa zina fyuzi ndani, kubwa kabisa ni ampea 13. Hiyo ni kama wati 3,000. Jenereta la kVA 5 linatoa karibu ampea 22. Fyuzi inakatika, mtu anafungua plagi anazungushia uzi wa waya, plagi inaanza kuyeyuka. Nimezitoa nyingi ukutani zikiwa za rangi ya kahawa.

Kinachotakiwa ni chenjiova, swichi ya kuhamisha nyumba kati ya LUKU na jenereta. Hakuna njia ya mkato.

Kibamba_Kwetu
Jumamosi, saa 1:50 asubuhi

Ndugu zangu mmenikosesha usingizi. Waya nimeuficha juu ya kabati. Kaka Fundi_Saketi, hiyo chenjiova inakaa wapi? Nieleze kama unamweleza muuza nyanya.

Fundi_Saketi
Jumamosi, saa 2:30 asubuhi

Haya muuza nyanya. Umeme wako unatoka LUKU, unaingia meni swichi, unaenda kwenye boksi la breka. Chenjiova inakaa katikati, baada ya meni swichi na kabla ya boksi. Ina milango mitatu. Mmoja unaingia umeme wa LUKU, mmoja unaingia wa jenereta, na wa tatu unatoka kwenda kwenye boksi. Mkono wake una alama 1, 0 na 2. Ukiwa 1 nyumba inakula LUKU, ukiwa 2 inakula jenereta, 0 haili chochote. Kwa chuma kilivyo ndani, 1 na 2 haziwezi kushika kwa pamoja hata ukitaka. Ndiyo maana hata akiwasha mgeni, hakuna shida.

Kwa fezi moja nunua ya poli mbili, iwe inahamisha laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya wa kuurudisha) zote mbili. Ukiona fundi anaunganisha nyutro za pande zote pamoja halafu anahamisha laivu tu, muulize kwanza ana sababu gani, na kama hana jibu mlipe nauli aondoke.

Kutoka chenjiova, peleka waya mpaka ukuta wa nje, uishie kwenye ile plagi dume ya buluu ya kufungwa ukutani, ya ampea 32, yenye kifuniko. Waya wa mpira kutoka kwenye jenereta unakuja na soketi jike upande wa nyumba. Hapo vijiti vya ukutani havina umeme mpaka jenereta liwake na waya uwe umeshachomekwa. Waya wa milimita za mraba 4 unakutosha, ila mimi naweka 6 kwa sababu mwakani utanunua jenereta kubwa, nakujua.

Sasa kuhusu mzigo, maana hapa ndipo wengi wanaua jenereta. kVA 3 iliyoandikwa ubavuni mara nyingi ni ile ya kusukuma kwa muda mfupi. Angalia kibandiko vizuri, ya kudumu huwa chini yake. Tuseme kVA 2.8, yaani 2,800. Zidisha kwa 0.8 kupata wati za matumizi, unabaki na wati 2,240 hivi. Friji ikishatulia inakula kama 150, lakini inapoamka inavuta mara kadhaa ya hapo. Pampu ya hp 1 ni wati 746 kwenye karatasi, ikiamka inaweza kuomba zaidi ya 2,000 kwa sekunde moja mbili. Kwa hiyo pampu inaanza peke yake, nyumba ikiwa imezimwa. Jaza tangi, zima pampu, ndiyo uwashe friza, kisha friji. Taa na TV hazina neno. Pasi, birika la umeme na hita ya bafuni sahau. Hita peke yake inataka jenereta mbili kama hilo.

Kuna wanaopenda boksi dogo la pili la dharura, lenye taa, friji na soketi mbili tu, ili mtu asiweze kuwasha hita kwa bahati mbaya. Nzuri sana, ila hapo nyutro za hizo saketi lazima zihamie boksi jipya pamoja na laivu zake. Fundi akihamisha laivu akaacha nyutro kwenye boksi la zamani, ile breka ya kukinga shoti ya mwili itakuwa inaanguka kila ukiwasha taa, na utamtukana mchawi asiyehusika.

Nesi_Zamu
Jumamosi, saa 4:10 asubuhi

Jamani, mnajadili nyaya wakati mleta mada kasema jenereta LIKO STOO. Kibamba, litoe leo. Usisubiri fundi.

Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haikuwashi macho. Ni ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, ila jenereta linaitoa kwa wingi zaidi sana. Dirisha wazi halisaidii. Mtu anaanza na kichwa kuuma na kichefuchefu, anadhani ni malaria, anakwenda kulala. Liwe nje, mita sita au zaidi kutoka kwenye dirisha au mlango wowote, na bomba la moshi liangalie upande usio na nyumba, ya jirani ikiwamo.

Kibamba_Kwetu
Jumamosi, saa 4:26 asubuhi

Dada Nesi, nimelitoa sasa hivi nikiwa na kanga ya mama watoto kiunoni. Na nikwambie ukweli, juzi tulipojaribu kwa saa moja hivi wife alilalamika kichwa. Tukasema ni kelele.

Wezi je?

DadaWaBucha
Jumamosi, saa 4:35 asubuhi

Mnyororo wa pikipiki na banda la nondo, bati juu, pembeni wazi. Langu lina mwaka wa tatu hapo nje. Na usijaze mafuta likiwa la moto, lizime lipoe, petroli ikimwagikia bomba la moshi hutakuwa na haja ya mwizi.

Mnguja_Halisi
Jumamosi, saa 7:02 mchana

Assalamu aleikum. Miye nacheka tu hapa, sicheki ubaya. Nyie wa bara mnajifunza leo, sisi Unguja tulisomeshwa kwa nguvu. Ule waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka bara ulipokufa Disemba 2009, tulikaa gizani mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Na mwaka 2008 tulishakaa kama mwezi. Kila mwenye uwezo alinunua jenereta, na asiye na uwezo alinunua kile kidogo cha kuchanganya petroli na oili, kinalia kama nzi kwenye chupa. Mji Mkongwe nyumba zimebanana, kuta kwa kuta, moshi wa huyu unaingia ukumbini kwa yule. Marehemu babu alikuwa akisema usiku wa zamani ulikuwa na giza lakini watu walisikilizana.

Basi kwenye miezi ile ndipo chenjiova nilipoijua. Fundi wetu, mzee wa mtaa wa Ng'ambo, alikuwa hakufungii jenereta bila hiyo hata umpe nini. "Sitaki kuzika mtu kwa ajili ya friji yako," ndivyo alivyokuwa akisema. Ya kwangu bado ipo ukutani, mkono umefifia rangi, inafanya kazi.

Kijana_wa_Thika
Jumamosi, saa 8:20 mchana

Niaje wakubwa, salamu kutoka Kenya. Huku kwetu stima zikipotea ni hadithi ileile, na fundi wa waya wa plagi mbili tunao pia. Swali: kwetu nyumba ina fezi tatu na jenereta ni la fezi moja. Nafanyaje?

Fundi_Saketi
Jumamosi, saa 8:45 mchana

Karibu mkuu. Chenjiova ya poli nne. Upande wa jenereta fundi anaweza kupeleka hiyo fezi moja kwenye fezi zote tatu za nyumba, taa na soketi zitawaka. Lakini chochote cha fezi tatu, pampu au mota, kikatwe kabisa, na nyutro ipimwe kwa sababu sasa mzigo wote unarudi kupitia waya mmoja. Hapo tumia fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya huko kwenu, usibahatishe kwa maelezo yangu.

Msema_Kweli77
Jumamosi, saa 9:00 alasiri

Nunueni inveta na betri muache kelele.

Fundi_Saketi
Jumamosi, saa 9:08 alasiri

Inveta ni nzuri, sibishi. Ila nayo ukiifunga kwenye nyumba nzima bila chenjiova, unarudi kwa Mzee wa Nguzo kuchukua somo lilelile.

Kibamba_Kwetu
Jumapili ya wiki iliyofuata, saa 11:40 jioni

Wakuu, mrejesho. Jana nimefunga. Nimepata fundi mwingine, ana leseni, alikuja na mita ya kupimia na si bisibisi peke yake. Chenjiova ya mkono, ampea 63, poli mbili, ukutani pembeni ya boksi. Plagi ya buluu iko nje karibu na banda la nondo, na banda liko mwisho wa uwanja, karibu na choo cha zamani. Bei ya vifaa na ufundi nimeiona kubwa mpaka nilipokumbuka bei ya jenereta.

Tukazima meni, mkono ukawekwa 0, nikavuta kamba, tukaacha dakika mbili tatu lichangamke, mkono ukaenda 2. Ule mlio wake, "kaa!", dogo kaurudia mara kumi.

Sasa kuna kitu kimenishtua. Nikachukua testa yangu nikagusa soketi ya sebuleni nyumba ikiwa inakula jenereta. Inawaka tundu la laivu, na inawaka tundu la nyutro pia, japo kwa ufifi. Nikirudisha LUKU inawaka laivu peke yake. Fundi kaondoka tayari, anasema anarudi kesho. Kuna hatari?

Fundi_Saketi
Jumapili, saa 12:15 jioni

Kazi safi. Hiyo ya testa ni kawaida kwa jenereta dogo, na ni vizuri umeiona. Kwenye umeme wa gridi, nyutro imefungwa kwenye ardhi kule kwenye transfoma. Jenereta lako nyutro yake inaelea, haijafungwa popote, kwa hiyo waya zote mbili zinaonekana zina umeme kidogo kuelekea ardhini. Taa na friji hazijali. Tatizo ni moja: ile breka ya kukinga mwili, ya miliampea 30, haiwezi kukuokoa hivyo ilivyo, kwa sababu umeme unaovujia ardhini hauna njia ya kurudi kwenye jenereta.

Kwa kuwa chenjiova yako inahamisha nyutro pia, fundi afunge nyutro na mwili wa chuma wa jenereta pamoja, mahali pamoja tu, palepale kwenye jenereta, na aunganishe na fimbo ya ethi, ile inayopigiliwa ardhini. Asome kitabu cha jenereta kwanza, mengine yameshafungwa kiwandani na mengine hayaruhusu. Akimaliza abonyeze kitufe cha kujaribu kwenye breka nyumba ikiwa kwenye jenereta, kisha apime hasa kwa mita. Kitufe peke yake hakithibitishi ethi.

MzeeWaNguzo
Jumapili, saa 1:30 usiku

Kibamba, umenifurahisha. Kuna kipimo cha bure nakupa. Umeme ukikatika na jenereta likiwa linalia, nenda kaangalie mita. Taa nyekundu ile inayopepesa ikiwa imekufa na kioo kimezima, uko salama. Ikipepesa wakati mtaa mzima uko gizani, zima jenereta hapohapo, umeme wako unatoka nje.

Kibamba_Kwetu
Jumapili, saa 1:44 usiku

Mzee wangu, mbona kale kaboksi ka kuingizia namba ndani kanawaka? Presha imepanda.

MzeeWaNguzo
Jumapili, saa 1:52 usiku

Tulia. Mita zile zenye boksi la ndani peke yake na mita yenyewe iko nguzoni, boksi linakula umeme wa ndani, kwa hiyo litawaka. Angalia mita yenyewe, si boksi.

Kibamba_Kwetu
Alhamisi, saa 4:55 usiku

Umeme umekatika leo saa moja jioni. Nilikuwa Kariakoo, nimekwama kwenye foleni. Nikapiga simu nyumbani, dogo akasema, "Baba tayari. Niliweka sifuri kwanza." Mama watoto yuko na juisi zake. Mita kwenye nguzo nimeimulika na tochi niliporudi, imekufa kama jiwe.

Ule waya wa plagi mbili nimeukata plagi moja, nimeufanya ekstensheni ya taa ya vifaranga.

DadaWaBucha
Alhamisi, saa 5:03 usiku

Namba ya huyo fundi njoo PM.

Msema_Kweli77
Alhamisi, saa 5:20 usiku

Nauliza tu. Jenereta la kVA 5, mtu anunue chenjiova ya ampea 32 au 63?

MzeeWaNguzo
Alhamisi, saa 5:26 usiku

63. Umeme wa LUKU nao unapita humohumo kila siku, si wa jenereta peke yake. Na usisahau poli mbili.